Koti la Jiko

Kambini, 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba naye shikamoo yake, na mwambie soksi alizonifumia zinanifaa sana, maana huku asubuhi baridi inagonganisha meno. Kikohozi nilichoondoka nacho kimepona. Naandika kwa herufi kubwa kwa ajili ya macho yako. Masikio yako nilishayakatia tamaa. Mpima mkuu ana simu ya kazini na alinikaribisha niitumie siku za Jumapili. Nikamwambia mjomba wangu amegonga sufuria miaka arobaini, simu kwake ni nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Akacheka mpaka akakaa chini. Basi tutaandikiana.

Kazi si mbaya. Tuko watano: mpima mkuu, wasaidizi wake wawili wanaopigilia vigingi, dereva, na mimi mpishi. Wanapima njia ya bomba la maji litakalopita juu ya vilima sita, na tukimaliza kilima tunang'oa mahema tunahamia kinachofuata. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Agosti. Baada ya hapo narudi karakanani kwako kama tulivyokubaliana, unifundishe kukunja midomo ya sufuria, maana kupiga matako yake nilishajua nikiwa na miaka kumi na miwili.

Nina shida mbili na dawa ya zote iko kwako. Ya kwanza ni sufuria. Hizi za ofisi ni za alumini nyembamba, ukizikodolea macho tu zinabonyea, na maharage yanaungua chini huku ya juu yangali mawe. Nitumie sufuria ya maana, ila sijui ni ya madini gani, wewe ndiye unayejua. Ya pili ni upepo. Jiko nililopewa ni dogo, miguu mitatu na kichwa, linafungwa kwa kuzungushwa juu ya kopo la gesi. Kopo likiisha linatupwa, unafunga jingine. Upepo ukija mwali unalala ubavu, na kopo la siku tatu linaisha kwa siku moja na nusu. Mpima mkuu ameanza kuniuliza kama gesi ninainywa.

Nimekuchorea duara la jiko na urefu wake pamoja na kopo, kwa vipimo vya vidole vyangu ambavyo unavijua. Nimechora nyuma ya karatasi iliyokuja na jiko, kwa sababu huku karatasi safi ni mali ya mpima.

Mwanao,
Mfuniko


Karakanani, 20 Februari

Mfuniko wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anasema soksi zikitoboka usizitupe, uzirudishe atie kiraka. Goti lake linamsumbua kidogo lakini mdomo wake mzima kabisa. Juzi alipanga vyombo akakuta kile kisufuria ulichokuwa ukikikalia utotoni, kabla hujajua hata kutembea sawasawa, mpaka nikakupa hilo jina lako. Amekipiga msasa kikarudi kung'aa. Unajua tangu mama yako, dada yangu, atuachie wewe, nyumba hii ina mtoto mmoja tu wa kupokezana.

Sasa sikiliza habari ya madini. Shaba ni nzuri, moto unaipenda, lakini isipopakwa bati ndani inatia chakula sumu, na huko vilimani hakuna wa kukupakia. Chuma cha kumimina kinatunza joto, ila ukikibeba hicho hutabeba kingine. Chuma cha pua kinang'aa kama viatu vya bwana harusi na hakiliwi na ndimu wala nyanya, lakini joto linakaa palepale lilipogusa: katikati panaungua, pembeni pabichi. Kwa hiyo nimekuchagulia alumini, si ile ya karatasi, alumini nene, matako unene wa kidole cha mtoto. Humo joto linatembea na kufika kila mahali. Masharti ni mawili. Usilaze humo chakula chenye nyanya au ndimu. Na usiiache ikauke motoni, alumini haina simile, inayeyuka bila kuaga. Nimeifanya pana, ili watu wazima wanne wale washibe na wewe ubakiwe.

Kuhusu upepo, nimelishonea jiko lako koti. Ni bati jeupe, nimelikata kwa kipimo chako, linalizunguka jiko lote kuanzia chini ardhini mpaka kwenye mabega ya sufuria, halipitishi hata pumzi ya panya. Mbele lina kimlango cha kuingiza mkono. Nimelijaribu hapa kwenye jiko la mkaa, maharage yakaiva kwa nusu ya muda. Mkaza mjomba wako hakuamini, akarudia mwenyewe, akakuta kweli. Usione vyaelea, vimeundwa.

Karatasi yako nimeitundika kwenye msumari juu ya meza, mchoro uko mbele yangu kila siku. Vidole vyako havikukosea hata ukucha. Mzigo unakuja na lori la mafuta. Ukifika niandikie, hasa habari ya koti.

Mjomba wako


Kambini, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Anayeandika ni dereva. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mikono yangu ina unga. Msalimie mkaza mjomba. Goti alikande kwa maji ya moto.

Mzigo ulifika tarehe kumi na mbili Machi. Sufuria ni nzuri. Haina kasoro.

Tumehamia kilima cha pili. Hapa kuna mawe mengi, vigingi vinakataa kuingia. Mvua ilinyesha siku mbili. Chakula kinapikwa.

Nashukuru kwa yote.

Mfuniko

Mimi dereva nakusalimu pia, mzee. Mwandiko wangu ni wa haraka, nimezoea kuandika kilomita.


Karakanani, 19 Aprili

Mfuniko,

Marahaba, na dereva naye marahaba kama ni mdogo kwangu, na kama ni mkubwa basi shikamoo yake. Sisi wazima. Goti la mkaza mjomba wako linaendelea kupona, sasa anaweza kunifuata mpaka karakanani kunigombeza, zamani aligombeza kutoka mlangoni.

Barua yako tumeisoma, tukaigeuza kutafuta kama nyuma kumebaki maneno. Hakuna. Mpwa wangu aliyekuwa akijaza kurasa nne kueleza jinsi alivyoteleza kwenye matope, leo ananiandikia kama anatuma telegramu. Unga gani huo usionawika? Mnapika kambini au mmefungua kiwanda cha mikate?

Na koti? Sufuria umeisifu, mara tatu umesema haina kasoro kwa namna tatu, ah hapana, mara moja, lakini mkaza mjomba ameirudia mara tatu. Koti hukulitaja. Nauliza kwa sababu limepata jina hapa mtaani. Mama wawili wanaouza chai pale kituoni waliliona, nikawatengenezea wao, wanasema birika linachemka kabla hawajamaliza kusalimiana na mteja. Mtu mmoja mwenye jiko la gesi kama lako amechukua jingine. Sikuwahi kutengeneza kitu kikapendwa upesi hivi. Na asili yake ni wewe na kile kidole chako cha kupimia, nawaambia wote hivyo.

Nimeanza kukutengenezea meza ya kazi. Iko chini ya dirisha, fuawe upande wa kulia, urefu nimeupata kwa kupima sketi yako ya zamani. Nyundo nyepesi ya kukunjia midomo nimeitia mpini mpya mwembamba, wa kiganja chako. Agosti si mbali.

Nijibu kuhusu koti.

Mjomba wako


Kambini, 10 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na mkaza mjomba shikamoo. Nimefurahi goti limepona. Dereva ndiye anayeandika tena. Kidole kina jeraha dogo.

Tuko kilima cha tatu. Nimebadilishiwa kazi kwa muda. Nakaa kwenye kiti mlangoni mwa hema la vifaa na kuhesabu vigingi vinavyotoka na vinavyorudi. Jana vilitoka themanini, vikarudi themanini. Wasaidizi wanapika kwa zamu, wanapika vibaya, tunakula. Asubuhi ukungu unafunika bonde, saa nne unaondoka.

Sufuria iko salama. Imebonyea kidogo ubavuni, haivuji.

Koti silitumii tena. Naomba usitengeneze makoti mengine, Mjomba. Tengeneza sufuria, ndizo kazi yako.

Meza usihangaike nayo sana. Mpima mkuu anasema baada ya Agosti kunaweza kuwa na kazi ya kuhesabu hukuhuku.

Mfuniko

Mzee, mimi dereva. Nimeandika alivyosema, sikuongeza.


Karakanani, 28 Mei

Mfuniko,

Marahaba. Huku hatujambo, kama mwili ndio unaoulizwa.

Barua yako nilimpa mkaza mjomba wako aisome kwa sauti, sikio la kushoto bado linamsikia yeye. Alipofika kwenye meza akaikunja karatasi. Alisema neno moja tu: "Mtoto huyu anaficha kitu." Mimi nikamwambia hafichi, amekua tu, amepata kazi ya kukaa kwenye kiti. Lakini kwanza unga, kisha kidole. Miezi miwili mkono huo hauandiki. Mficha maradhi, unajua mwenyewe kinachofuata, sitaki kumaliza methali hiyo.

Na la koti limeniuma, nikuambie wazi. Miaka arobaini hakuna aliyeniambia nitengeneze hiki nisitengeneze kile. Kama halifai sema halifai wapi, mimi ni fundi, nitarekebisha. Kama kimlango ni kidogo nitakipanua. Lakini "usitengeneze" bila sababu ni maneno ya mteja mkorofi, si ya mtoto niliyemlea. Kwa hiyo nimeendelea. Mwalimu wa michezo wa shule ya upande wa juu alikuja na moja la majiko yale yale ya kopo, akaniagiza makoti sita. Tarehe ishirini Juni anawapeleka wanafunzi wake kupanda mlima na kulala mahemani siku nne, na anasema upepo wa huko ni adui yake wa kila mwaka. Nimeshayamaliza, nimeyang'arisha, amekuja kuyachukua kwa furaha. Sufuria pana pia amechukua.

Ungekuwa hapa ungeyaona yamepangwa dirishani, yanavyometa.

Mjomba wako


Kambini, 16 Juni

Mjomba,

Barua yako ya tarehe 28 imefika jana. Samahani sikuanza na shikamoo. Dereva anaondoka kesho alfajiri, nimemwomba akukabidhi hii mkononi mwako, asimpe mtu mwingine. Safari ikiwa nzuri atafika tarehe kumi na tisa.

Mwandiko huu ni wangu. Ni wa mkono wa kushoto. Nimeanza kuandika jana jioni na sasa ni mchana.

Kwanza lililo la haraka. Nenda kwa mwalimu ukachukue makoti yote sita. Wasiondoke nayo. Pia yule mtu mwenye jiko la gesi. Mama wa chai wanatumia mkaa, hao hawana neno.

Sasa sababu. Tarehe ishirini na moja Machi nilikuwa napika maharage. Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilikuwa nimelitumia koti siku tisa, chai na wali, vitu vya haraka, na kopo moja lilidumu siku tano, nikawa nakusifu kwa kila mtu. Maharage yanataka muda mrefu. Baada ya saa moja mwali ulianza kuvuma kwa sauti kubwa, peke yake, sikuwa nimeongeza gesi. Niliingiza mkono kwenye kimlango nipunguze. Kishikio kilikuwa cha moto kuliko sufuria. Niling'ang'ania kukizungusha. Kopo likapasuka.

Kwenye mkaa, Mjomba, joto likibaki ndani ni faida, mkaa uko chini na hauna cha kupasuka. Kwenye jiko hili gesi yenyewe iko chini ya moto. Sufuria pana ilirudisha joto chini, na koti likalizuia lisitoke pembeni, likaenda lote kwenye kopo. Nimekaa kwenye kiti miezi miwili nikiwaza, nimeona ni hivyo. Upepo uliokuwa unatusumbua ndio uliokuwa unalipoza kopo.

Dereva alinivuta. Alimwaga maji ya kunywa yote ya kambi. Zahanati nilikaa wiki mbili, barua ya kwanza aliyoiandika dereva niliisema nikiwa kitandani huko. Uso hauna kitu, nyusi zimeota. Mkono wa kulia vidole vitatu vimeshikana, havikunjuki. Kidole gumba kipo. Kiganja hakisikii. Nikishika kikombe cha chai sijui kama ni cha moto mpaka nione mvuke. Daktari wa zahanati alinichoma kwa sindano sehemu saba akaniuliza, nikasikia sehemu moja.

Siumwi. Sikulia siku ile, na sijalia bado. Nilidhani nikiandika nitalia, lakini nimefika hapa na naona tu mistari yangu imepinda. Nahesabu vigingi. Kazi ile inanifaa.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utaacha kugonga. Nilitaka angalau mmoja wetu aendelee. Ila sikujua kwamba kunyamaza kwangu kutafika mpaka kwa wanafunzi wa watu.

Mfuniko


Karakanani, 23 Juni

Mwanangu,

Yamerudi yote sita. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo unalolisubiri.

Dereva alifika tarehe kumi na tisa mchana. Mimi nilikuwa napiga matako ya sufuria, sikumsikia, nikamwona tu amesimama mlangoni na kofia mkononi. Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza nikavua aproni, nikafunga mlango kwa kufuli, nikapanda gari lake.

Mwalimu alikuwa uwanjani anafunga mizigo, wanafunzi wamekaa juu ya mabegi. Makoti yangu sita yalikuwa yameingizwa moja ndani ya jingine, yamefungwa kamba. Nikasema nimekuja kuchukua makoti yangu. Akasema kitu. Nikasema nimekuja kuchukua makoti yangu. Wanafunzi wakaanza kucheka, mzee amerudi kunyang'anya. Mwalimu akaniandikia kwenye daftari lake: "Yana kosa gani?" Mimi nikamwambia kosa ni langu. Dereva ndiye aliyemweleza mengine, akakunja mkono wake wa kulia kumwonyesha. Mwalimu akanitazama, akakata kamba mwenyewe akanipa. Sufuria pana pia nilizirudisha, nikampa ndogo zisizozidi jiko. Nikamwambia aache upepo upite chini, kama anataka kinga aweke jiwe upande mmoja tu, mbali na kopo. Yule wa gesi nilimfuata kwake, naye amerudisha. Nimeyaweka yote saba juu ya fuawe nikayapiga mpaka yakawa bati la kawaida.

Halafu nikaja kwenye karatasi yako. Imetundikwa kwenye msumari tangu Februari, mchoro wako ukinitazama. Nilitaka kuichana. Nilipoing'oa ikageuka mkononi. Upande wa pili una picha. Kuna jiko kama lako, sufuria pana juu yake, na ukuta wa bati umelizunguka mpaka chini. Juu ya picha kuna alama kubwa ya mistari miwili iliyokatana, nyekundu, ya kukataza. Hata asiyejua kusoma angeelewa. Upande huo ulitazama ukuta miezi minne, na mimi nafanya kazi chini yake. Laiti ningeigeuza mara moja tu.

Wewe huna lawama. Ulinichorea nyuma kwa sababu hukuwa na karatasi nyingine. Wa kuigeuza nilikuwa mimi.

Sijashika nyundo tangu siku ile. Mkaza mjomba wako ananiuliza mbona sili. Nimemwambia jino.

Mjomba wako


Kambini, 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tuko kilima cha tano. Vigingi vya leo sabini na vinne, vyote vimerudi. Mkaza mjomba umwambie ukweli, atakuwa ameshajua. Jino gani siku zote hizi.

Kuna moja lililobaki, nalo sikutaka kulisema. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale uliposema sina lawama. Siwezi kukuacha na maneno hayo.

Picha niliiona. Niliiona kabla sijaigeuza karatasi kukuchorea. Niliielewa pia, ni kama ulivyosema, hata asiyejua kusoma angeelewa. Koti lilipofika nililiweka kitandani nikalitazama siku nzima. Nikasema hawa wa karatasi hawamjui mjomba wangu. Wao wanachora, yeye anajua moto. Nikalivisha jiko.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia.

Sikulaumu. Nakuambia ili usikae peke yako chini ya ule msumari. Tulikuwa wawili.

Agosti sitarudi, naona. Mpima mkuu amenipa kiti kwenye kazi inayofuata. Karakana haina kazi ya mtu mwenye mkono mmoja, unajua wewe kuliko mimi. Sufuria inataka mkono wa kushika na mkono wa kugonga. Nyundo ile nyepesi mpe mwingine.

Mfuniko


Karakanani, 12 Agosti

Mfuniko,

Marahaba. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Nilimwambia siku nilipopata barua yako. Alilia yeye kwa niaba ya nyumba nzima, akamaliza, akaniuliza kama mkono wako wa kushoto ni mzima. Nikasema ndiyo. Akaniambia, "Basi wewe unakaa nini hapo?"

Uliponiambia uliiona picha ukaniamini mimi, nilikaa siku mbili bila kutoka. Ingekuwa hukuiona ningeumia kidogo. Nimelea mtoto mpaka akaamini neno langu kuliko macho yake, nikadhani hayo ndiyo malezi. Naumia, na sijui maumivu haya niyaweke wapi. Nimekuandikia ujue tu.

Karatasi nimeitundika tena. Sasa iko juu ya mlango, upande wa mbele, picha nje. Kila anayekuja na jiko la gesi namwonyesha kwanza ndipo namuuliza anataka nini. Mchoro wako uko ukutani nyuma yake, haumsumbui mtu.

Nyundo nyepesi sijampa mtu. Uliandika kwamba nafahamu kuliko wewe kama karakana ina kazi ya mtu wa mkono mmoja. Sikuwa nafahamu, kwa hiyo nimejaribu. Kwanza nimehamisha fuawe. Iko kushoto sasa, na meza nimeizungusha, mwanga wa dirisha uingie kulia kwako. Pembeni nimefunga jiliwa la kubana bati, kazi ya mkono wa kushika inafanywa na hilo. Halafu nimeufunga mkono wangu wa kulia kwa kitambaa, mkaza mjomba wako ndiye aliyefunga fundo ili nisidanganye, na nimegonga kwa kushoto tu, siku kumi na mbili.

Sufuria ya kwanza ilitoka kama imekanyagwa na ng'ombe. Ya pili ilipasuka. Ya tatu na ya nne sitazisema. Ya tano ilisimama ila iliyumba. Ya sita nimeiweka mezani mbele yangu hivi ninavyoandika, ina maji ndani, haiyumbi na haivuji.

Ya saba sijaianza. Bati lake nimeshalikata, liko kwenye jiliwa, linakusubiri wewe.

Mjomba wako